Ufunguo Wangu na Muhuri wa Mtoza Ushuru, Birmingham

Nilidhani dunia imemaliza kunishangaza. Niliachia shule darasa la tano, nikavuta mkokoteni wa vyuma chakavu mitaa yote ya Nakuru, na leo yadi ni yangu, lori ni langu, mizani ni yangu. Risasi, ile ya betri, si ya bunduki, naijua hata gizani. Kwa hiyo binti yangu Nafula aliponiambia amepata kazi ya majaribio Birmingham, kutunza vipande vya risasi, nilicheka.

"Vitabu vyote hivyo, ukaangukia kazi ya babako!"

"Njoo uone kwanza, Baba. Mwezi huu wanaamua kama nitabaki."

Nikakata tiketi.

Bordesley Green, mtaa anaoishi Nafula, nilipokelewa na mvua nyembamba. Nyumba zimeshikana kama mabehewa. Ugali ulikuwepo, unga umetoka kwa Mhindi mzaliwa wa Kisumu aliyenisalimu kwa Kiswahili kizuri kuliko changu.

Jumamosi asubuhi tulipanda basi hadi makumbusho ya chuo kikuu. Ilikuwa siku ya wageni. Juu ya meza mbili kulikuwa na vipande vya risasi vidogo kama vifuniko vya soda.

"Hii ni mihuri ya dola ya Bizanti, Warumi wa mashariki," Nafula alisema. "Afisa wa ushuru wa mkoa alipitisha uzi wa mzigo katikati, akaibana kwa koleo. Upande huu sura ya mfalme, huu jina la afisa na ghala lake. Ina zaidi ya miaka elfu."

"Kumbe kama ile ya mita ya stima!"

"Hiyo hiyo, Baba."

Akaitwa kuhudumia wageni wengine. Mimi nikazunguka meza zote mbili, nikishika huu, nikirudisha ule. Wazungu wawili walikuwa wananitazama, nikaona heri wajue mimi ni nani. Nikatoa ufunguo wa lori, nikaukwaruza muhuri mmoja ubavuni, vile ninavyopima mzigo wowote ukiingia yadi. Ukang'aa.

"Risasi safi!" nikatangaza. "Ya kale kabisa. Siku hizi hawatengenezi hivi."

Nafula alikuja mbio. "Baba! Umeutoa meza gani?"

Sikukumbuka. Machozi yalimjaa. Mimi sijawahi kuogopa hata polisi wa barabarani, lakini hapo niliogopa. Mtoto wangu anafukuzwa kazi, na ufunguo bado niko nao mkononi.

Mkuu wake, mama wa Kizungu mwenye miwani ya kuning'inia, akaugeuza muhuri polepole. Akaonyesha kitone kidogo ukingoni. Nafula akaketi chini kabisa, akicheka na kulia.

"Ni nakala, Baba, kitone hicho ndicho alama yake. Waliimimina mwaka jana, wageni washike. Ya kweli ilikuwa meza ile nyingine."

"Na kazi yako?"

"Iko palepale. Anauliza kama kwenu wote mnapima hivyo."

"Mwambie ni sisi tunaojua kazi tu."

Nilirudi Nakuru mwepesi kama niliyeshushiwa gunia. Nimejifunza kwamba risasi naijua, umri wake siujui, na ugenini mikono ikae mfukoni. Nafula aliajiriwa. Muhuri wenye mkwaruzo unaning'inia kwenye mizani yangu, maana niliuharibu, nikaununua: pauni kumi na mbili na peni hamsini.