Mgeni Rasmi Nje ya Ukumbi

Soko huria lilipotufikia Tukuyu lilileta mitumba, redio za kaseti, na mashindano ya kimataifa ya gemu la mpira la kwenye televisheni. Kimataifa maana yake vijana wawili walivuka mpaka kutoka Malawi wakiwa na begi moja. Timu zote nne zilikuwa za kulipwa. Sisi tulilipwa maandazi.

Uwanja ulikuwa kibanda cha mbao kule mtaa wa Bagamoyo, hapo hapo Tukuyu, chenye televisheni moja na mabenchi ya kuazima kanisani. Mwenye kibanda alivaa tai akajiita kamati ya maandalizi. Bingwa angepelekwa Mbeya kucheza na timu za mjini, kwenye skrini kubwa kuliko mlango. Mimi niliyeishia darasa la saba nilishajiona huko, nawapungia watu mkono.

Timu ya mtaa wetu, Ibighi, tulikuwa wawili, mimi na wifi yangu, mke wa kaka. Kusema kweli timu ilikuwa yeye. Mimi nilikuwa kocha, kwa maana nilimshikia mwavuli tukienda. Alichuma chai tangu utotoni, na vidole vyake vilikwenda kwenye pedi ya kuchezea gemu kama vimezaliwa nayo. Tangu kaka aende machimboni Chunya, pale kibandani tu ndipo nilipomwona amechangamka. Kwa hiyo Mbeya niliitaka kwa ajili yangu, halafu, nikifikiri vizuri, zaidi kwa ajili yake.

Ila kwetu mke hasafiri bila ruhusa ya nyumbani, na mwenye ruhusa ni baba. Na wifi kwa baba hasemi neno. Sisi Wanyakyusa, mke wa mtoto na baba mkwe hawakutani wala hawatazamani. Akimsikia njiani, anaingia migombani mpaka mzee apite. Mimi ndiye niliyeahidi kumwombea, na kila siku nilikuwa naahirisha kwa ushujaa mkubwa.

Tukaingia fainali na Wamalawi. Kipindi cha kwanza kikaisha bao moja kwa moja, kamati ikasimama kutangaza kwamba mgeni rasmi amewasili. Kati ya wazee wote wa wilaya nzima, mwenye kibanda, kwa akili zake zote, alikuwa amemwalika baba yangu.

Wifi aliposikia sauti yake mlangoni akaweka pedi chini taratibu, akajifunika khanga, akajikunja nyuma ya televisheni. Mmalawi mmoja akauliza kwa upole kama mwenzetu anaumwa. Kamati ikasema sheria ni sheria: asiporudi, kocha acheze. Nikaangalia vidole vyangu, ambavyo hata andazi huwa vinaliangusha.

Nikatoka mbio. Baba alikuwa anakung'uta mvua kwenye koti lake la sherehe.

"Shikamoo baba. Naomba usiingie."

"Marahaba. Nimealikwa, mwanangu. Nina hotuba."

"Mchezaji wetu ni wifi."

Nilidhani atarudi nyumbani, au atanirudisha mimi. Akaagiza kiti. Akakiweka chini ya upenu wa bati, mgongo kwenye mbao, uso barabarani, akafungua mwavuli.

Basi fainali ya kimataifa ikachezwa mgeni rasmi akitazama mvua. Kila baada ya muda aliuliza kupitia mbao nani anaongoza, na kamati ikamjibu kwa heshima zote, "Bado sare, mheshimiwa." Wifi alianza na khanga mpaka kwenye nyusi. Baadaye ikashuka mabegani. Dakika ya mwisho ilikuwa sakafuni, na mpira wavuni mwa Wamalawi.

Kombe, ambalo lilikuwa birika, likapelekwa nje ili baba alikabidhi. Akalipokea kwa mikono miwili, akanipa mimi.

"Kampe mwenyewe. Mimi sijaona kitu."

Ndipo nikapata ujasiri nikamtajia Mbeya. Akageuza shingo kidogo kuelekea kwenye mbao, akapaza sauti.

"Gari la kwanza la Mbeya ni saa kumi na mbili asubuhi. Watu wa nyumbani kwangu wasichelewe."

Nikaitikia sawa baba, ingawa hakuwa anaongea na mimi.