Kanuni ya Nne Niliitunga Mimi

Siku ya kwanza niliyoingia kazini katika Hifadhi ya Makala za Michezo nilibeba rula, kalamu mbili na kidau cha wino wa mhuri. Nilikuwa nimestaafu masijala ya serikali mwaka mmoja kabla, na mtu aliyezoea kuamka kwa ajili ya faili hawezi kukaa nyumbani akihesabu paka wa Amu, mji wetu wa Lamu. Chumba kilikuwa orofani, juu ya duka la vitambaa. Msimamizi wa Hifadhi, kijana wa bara aliyekuwa akifundisha kompyuta, alikitazama kile kidau changu akatabasamu kwa adabu.

"Mama, hapa hatuna karatasi," akasema. "Kila kitu kiko kwa mtandao."

"Na kinachofika kinapigwa mhuri wapi?"

"Hakipigwi."

"Basi mtajuaje kimefika lini?"

Akakuna kichwa. "Mama, nafikiri wewe ndiye tulikuwa tunatafuta."

Nawaandikia nyinyi mtakaoishika kazi hii baada yetu, kwa hiyo niruhusuni nieleze hata yale mnayodhani mnayajua. Hifadhi ni mahali mtandaoni panapowekwa maandishi yasipotee. Makala zetu zilikuwa za mashabiki: mtu amecheza mchezo kwenye simu au kompyuta yake, umemwingia moyoni, na sasa anataka kusema kwa nini. Mimi michezo niliyoijua ilikuwa bao na karata, na yote miwili niliiona ni ya wanaume wasiotaka kutumwa sokoni. Cheo changu kilikuwa Mpokezi wa Makala. Kazi yangu ilikuwa kusoma kilicholetwa, kuangalia kama kimetimiza kanuni, na kukiandikisha au kukirudisha.

Makala ya kwanza niliyoisoma ililetwa na mkulima wa Kililana, ng'ambo ya kisiwa chetu, aliyecheza mchezo wa kulima. Aliandika kurasa nne kulalamika kwamba katika shamba lile hakuna nyani. Mahindi yanaota, yanakomaa, yanavunwa, na hakuna mnyama anayekuja kuchukua hata gunzi. Alisema mwanzoni alifurahi, halafu akahisi anadanganywa, halafu akaendelea kucheza kila siku baada ya kutoka shambani kwa sababu alitaka kuona mavuno kamili walau mara moja maishani. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, kisha nikaisoma tena tangu mwanzo. Tangu siku hiyo sikuwahi tena kusema kwamba michezo ni upuuzi.

Kanuni tulizitunga taratibu, kadiri matatizo yalivyotujia. Mwandishi aseme amefika wapi katika mchezo, maana wapo waliocheza dakika kumi wakaandika hukumu. Picha ziwe amezipiga mwenyewe kutoka kwenye kioo chake. Anayetaka kufichua mwisho wa hadithi atangulize tahadhari, ili asiwaharibie wengine utamu. Kanuni hiyo ya tahadhari watu waliipenda kupita kiasi. Bwana mmoja aliandika juu ya mchezo wa mpira wa miguu akatanguliza: "Tahadhari, nimefungwa saba."

Kanuni ya nne niliitunga mimi. Masijala, faili isiyo na kichwa juu kabisa ni faili iliyopotea, na mimi kupotea kwa faili kulinikosesha usingizi ujana wangu wote. Nikamwambia Msimamizi kwamba mstari wa kwanza wa kila makala uwe jina la mchezo, peke yake, bila salamu wala maneno ya kujipamba. Akaipenda sana.

"Hiyo itasaidia kompyuta, mama. Itasoma mstari wa kwanza na kuweka kwa orodha yenyewe."

Siku zile bado nilisoma kwa macho yangu, na aliyekosea nilimwandikia barua ndogo ya kumwelekeza. Kisha tukahamia Kililana, maana Msimamizi alipata huko chumba chenye umeme wa uhakika, nami nikawa navuka kwa boti kila asubuhi nikiwa na chai yangu kwenye chupa. Makala zikawa nyingi kuliko macho. Ndipo Msimamizi akaifundisha kompyuta kupokea yenyewe. Makala ambayo mstari wake wa kwanza haukuwa jina la mchezo lililomo kwenye orodha ilitupwa kwenye folda iliyoitwa Zilizorudi, mwandishi akapelekewa jibu la mistari miwili lisilotaja kosa, na baada ya siku thelathini makala ile ikafutika. Mimi nikabaki kusoma zilizokwisha kupita. Nakiri kwamba nilifurahi, kwani zilikuwa safi na vichwa vyote viko mahali pake.

Msimamizi alipopata uhamisho kurudi bara, tulipewa mkuu mpya, Bi Mhariri, binti wa Amu aliyesomea Nairobi, akaturudisha kisiwani, katika nyumba ya vyumba viwili mtaani Wiyoni. Alikuwa mwepesi wa akili na hakupenda mikutano mirefu. Katika mmoja wa mikutano hiyo mifupi aliuliza jambo ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza.

"Bi Rukia, mbona hatuna makala hata moya kutoka kisiwa cha Pate? Minara ya simu wanayo kitambo sasa."

Nikamjibu haraka, kwa Kiamu chetu kinachoiita michezo mitezo, kama mtu ajuaye: "Watu wa kule wana mambo yao. Hawana haja na mitezo."

Akaandika jibu langu kwenye daftari lake.

Haukupita mwezi, akaja mlangoni mwanamke wa makamo, buibui lake lina chumvi pindoni, maana bahari ilikuwa na mawimbi. Alijitambulisha kuwa ni Bi Maimuna wa Siyu, kisiwani Pate.

"Asalaam aleikum. Hapa ndipo panapowekwa makala za mitezo?"

"Waaleikum salaam. Ndipo. Karibu, keti."

Hakuketi. "Nimeleta mara tatu, na mara tatu nimerudishiwa. Nikasema heri niye mwenyewe nimwone mtu kwa mato yangu. Kosa langu ni nini? Kama ni picha, niambieni. Kama ni yina la nduyangu, niambieni."

Nilimpa maji, akaketi, akatueleza. Kaka yake, Athmani, alikuwa seremala, na alipenda mchezo mmoja wa kujenga kwa vipande, ambamo watu wa nchi mbalimbali huingia kupitia mtandao na kila mmoja hujenga atakacho. Wengine walijenga majumba ya ajabu. Athmani alijenga nyumba ya babu yao iliyokuwa Siyu, nyumba ya mawe iliyoanguka wao wakiwa wadogo. Aliwauliza wazee waliobaki, mmoja baada ya mwingine, daka, ule ukumbi wa mlangoni, lilielekea wapi, zidaka za ukutani zilikuwa safu ngapi, bibi alilala upande gani. Zidaka ni vile vishubaka vya kuwekea vyombo, kwa msomaji asiyewahi kuingia nyumba zetu. Alipoambiwa amekosea, alibomoa na kuanza upya. Siku aliyoiweka dari ya chumba cha mwisho alimwita dada yake aje aone, wakatembea humo wote wawili, kila mmoja na simu yake, Athmani akiwa kitandani kwa maradhi yaliyomchukua baadaye.

Baada ya mazishi ikaja habari kwamba kampuni yenye mchezo huo inaufunga. Mchezo wa namna hiyo ukifungwa, kila kilichojengwa ndani kinakwenda nao. Bi Maimuna akaingia kwa simu ya marehemu, akapiga picha chumba kwa chumba, akaandika makala: hapa ni daka, hapa ni kiwanda, ule ua wa ndani, hapa alizaliwa mama. Kwa kuwa picha zilikuwa nzito aliigawa mafungu matatu, akaleta fungu moja kila baada ya wiki mbili. Mchezo ukafungwa. Na ile simu ikaanguka majini alipokuwa akipanda boti kwenye gati ya Mtangawanda, kisiwani kwao, katika safari ya kwenda kuitengenezea kioo.

"Kwa hiyo iliyoko kwenu ndiyo iliyosalia," akasema. "Nyingine sina."

Nikafungua folda ya Zilizorudi. Nilikuwa sijaifungua tangu Kililana. Fungu la tatu lilikuwapo, limebakiza siku mbili lifutike. Fungu la kwanza na la pili hayakuwapo. Nikafungua lile la tatu nione kosa lake, na mstari wa kwanza ulikuwa huu: Bismillahi Rahmani Rahim. Jina la mchezo lilifuata chini yake, limeandikwa sawasawa, peke yake, kama nilivyotaka mimi.

Nikafungua makala iliyo jirani yake. Ya mtu wa Faza, kisiwa hichohicho, juu ya mchezo wa mbio za magari. Bismillahi. Ya Kizingitini, juu ya mpira. Bismillahi. Ya Pate yenyewe, ya mwalimu wa madrasa aliyecheza mchezo wa chemshabongo na wanawe. Bismillahi, na chini yake sala ya Mtume. Hao ndio watu niliosema hawana haja. Walikuwa wakibisha hodi kwa adabu ya kwao, na mimi nimeweka mlangoni kitu kisichojua kuitikia.

Niliona haya ya kweli, ile inayochoma masikio. Nami si mgeni. Sijawahi kuanza jambo bila Bismillahi tangu nilipojua kusema. Lakini masijala nilifundishwa na Karani Mkuu kwamba barua ya serikali haina nafasi ya neno hilo, basi nikazoea kulisema kimoyomoyo kabla ya kugusa taipu. Miaka yote hiyo nilidhani kila mtu hufanya vivyo. Mtu wa bara angekuwa na udhuru kutunga kanuni ile. Mimi sikuwa nao.

"Bi Maimuna," nikasema, "kanuni iliyokurudisha niliitunga mimi."

Akaniuliza, "Kwani wewe huanzi na Bismillahi?"

"Naanza. Ila naisema moyoni."

"Sasa kompyuta itaisikia wapi ya moyoni?"

Bi Mhariri, aliyekuwa amesimama mlangoni akisikiliza, alicheka bila kutaka, akajiziba mdomo. Bi Maimuna naye akacheka, kisha kicheko kikageuka kilio, nami nikalia pamoja naye. Nilimwomba radhi. Alisema amenisamehe, lakini daka la babu yake liko wapi?

Hakukuwa na jibu ila kufanya kazi. Alikaa kwangu siku tano. Kila asubuhi tuliketi Wiyoni, yeye akasema, mimi nikapiga chapa. Alifumba macho akaingia kwenye ile nyumba. "Ukisukuma mlango, mkono wa kulia kuna kibaraza cha iwe, wageni huketi hapo mpaka waitikiwe. Usiandike 'mlango mkubwa', ulikuwa mdogo, babu alikuwa mfupi." Nilifuta "mkubwa", nikaliacha iwe lake, ndilo jiwe. Alipokuwa hana hakika alimpigia simu mzee wa Siyu akamuuliza, kama kaka yake alivyofanya. Kwa hiyo makala ile mkiifungua leo mtaiona ya ajabu: daka na kiwanda vina maneno peke yake, na vyumba vya ndani vina picha. Wapo waliotuandikia kuuliza kama picha zimekwama kupakiwa. Hazikukwama. Nilizipoteza mimi, na nilisisitiza tuliseme hilo juu ya ukurasa, jina langu likiwapo.

Bi Mhariri alitaka kuirekebisha kompyuta iruke mstari wa kwanza. Nikamwambia haitoshi. Kesho atakuja mwingine na mwanzo wake, wa shairi au wa kumtaja mama yake, na tutamtupa vilevile. Makala isirudishwe kabla mtu hajaisoma.

"Bi Rukia, nani atasoma zote hizo?"

"Mimi."

"Na ukitoka wewe?"

"Utaajiri mwenye mato."

Akakubali, si kwa furaha, maana kazi iliongezeka mara tatu. Kanuni ya nne tuliiandika upya, na iko hivyo mpaka sasa: Anza unavyoanza mambo yako. Jina la mchezo tutalitafuta sisi. Wale wengine wa folda ile tuliwaandikia mmoja mmoja kuomba radhi. Mwalimu wa Pate alijibu siku ileile, akaleta na makala mbili mpya. Wa Faza hakujibu kamwe, na sikumlaumu.

Nimestaafu mara ya pili sasa, na safari hii nimeacha kidau cha wino ofisini. Vijana huniuliza kama kanuni ni mbaya. Si mbaya. Bila kanuni hifadhi ni jaa. Lakini kila kanuni ina aliyeitunga, na aliyeitunga ana mazoea yake, na mazoea yake yeye mwenyewe hayaoni kwa sababu ndiyo macho yake. Kwa hiyo mkitunga, rudini mara kwa mara kwenye folda ya waliokataliwa. Someni majina yao. Kama wote wanatoka upande mmoja, kosa si lao.

Mwaka huu nilikwenda Siyu kumjulia hali Bi Maimuna. Tulipokwisha kula alinichukua hadi kwenye kiwanja cha babu yake. Hapana kitu pale. Pana lundo la mawe, na kamba ya mbuzi wa jirani. Yeye alipita moja kwa moja hadi katikati, akageuka kuniangalia, na mimi nikajikuta nimesimama pembeni, siendi. Nilijua nilipo. Nilikuwa mbele ya mlango mdogo, na kulia kwangu palikuwa na kibaraza cha jiwe.

"Hodi," nikasema.

Bi Maimuna hakucheka. "Karibu," akasema, "pita ndani."

Nikainama kidogo, maana babu alikuwa mfupi, nikaingia.