Mlango Uligongwa Mara Moja

Siku tuliyomzika wifi yangu Salvor, kasisi alisimama akamsifu kwa upole wake. Nilikaa pale kwenye benchi nikajiuliza anamzungumzia nani. Salvor hakuwa mpole hata siku moja, na mtu anayemfanya kuwa mpole sasa kwa vile hawezi tena kujibu ananichefua. Alikuwa na ulimi, alikuwa mbishi, na alikuwa hapendi kuambiwa. Lakini kuna jambo moja alilolifanya ambalo kasisi hakulijua, wala watu wa bonde zima hawakulijua. Kwa kuwa aliyekuwa hapaswi kulisikia amekufa, na Salvor naye amekufa, nalisema.

Aliolewa na mdogo wangu Bessi akaja kwetu kwenye shamba la Heidarsel na sanduku moja la nguo na ng'ombe mmoja mwekundu, Rauda. Jioni ya kwanza alimwambia baba yangu Ketill kwamba ng'ombe wetu tumewafunga vibaya, ndiyo maana shingo zao zina vidonda. Baba akanuna wiki mbili. Akitaka kitu, anamtuma Rauda.

"Rauda, mwambie bibi yako uji umeungua."

"Rauda, mwambie mzee basi kesho apike yeye," Salvor anajibu, mgongo kampa.

Bessi alikuwa akicheka mpaka anashika mbavu. Walikaa hivyo miaka sita, baba na mkamwana, wakichokozana kutwa. Mimi, Arnfrid, sikuolewa, kwa hiyo nilikuwa hakimu. Nyumba yetu ilikuwa ya mabonge ya udongo na nyasi kama nyumba zote za bondeni, ng'ombe chini, sisi juu kwenye mbao ili joto lao litupande. Usingeweza kununa na mtu ukamkwepa. Unamsikia hata anapojigeuza kitandani.

Mwezi wa Januari, siku ninayoisema, Bessi aliondoka asubuhi kungali giza kwenda kuwapeleka kondoo malishoni. Zizi lao liko ng'ambo ya korongo la mto, mwendo wa saa nzima. Kulikuwa shwari mno. Rauda alikataa maji.

"Leo ng'ombe wamenuna," baba akasema. "Hewa si nzuri."

"Usiende," Salvor akamwambia mumewe. "Wana majani zizini, hawatakufa kwa siku moja."

"Nitamwangalia Golsi kwanza. Golsi akikataa kutoka, nami narudi kuja kugombana nawe."

Golsi alikuwa kondoo wetu kiongozi, mweusi, tumbo jeupe, pembe ndefu zilizojipinda. Kondoo wa namna hiyo huzaliwa na akili yao. Anajua hali ya hewa kabla ya mtu, na kwenye theluji isiyoonyesha mbele wala nyuma hutangulia, kundi zima likamfuata mpaka nyumbani. Baba alimwamini Golsi kuliko alivyomwamini kasisi.

Upepo ulikuja mchana kutoka kaskazini, bila kupiga hodi. Mimi na Salvor tulitoka kuongeza kamba na mawe juu ya lundo la majani makavu, tukitambaa kwa matumbo, maana ukisimama unachukuliwa. Pipa la maji tuliliona likiondoka uani, likapita juu ya ukuta, na hatukuliona tena mpaka theluji ilipoyeyuka. Tuliporudi ndani paa lilikuwa linalia ubao mmoja mmoja. Theluji iliingia hata kwenye tundu la ufunguo, ikajikusanya sakafuni kama mstari mwembamba mrefu. Ilipofika saa tisa na nusu alasiri giza likaingia, kama ilivyo kwetu majira yale.

Tukakaa juu, tukachana sufu. Salvor aliweka taa ya mafuta dirishani, upande wa kuja Bessi, ingawa kioo chote kilikuwa barafu. Wote watatu tulikuwa na wazo moja. Bessi yuko zizini, au yuko njiani. Kama yuko zizini, atalala katikati ya kondoo na kesho tutamcheka kwa harufu. Kama yuko njiani, asubuhi haimkuti hai.

Ndipo mlango ukagongwa mara moja.

Baba aliinua mkono. Tulikaa tukisubiri, vitana vya sufu vimesimama hewani. Hakikuja kishindo cha pili.

Kwetu mtoto analijua hili kabla ya kujua kusali. Giza likishaingia, Mkristo hugonga mara tatu, kwa Baba na Mwana na Roho. Au hupanda paani mpaka dirishani akasema, Mungu awe humu. Anayegonga mara moja si mtu. Kimoja ndicho anachoweza, cha pili hakiwezi, na ukimfungulia umemkaribisha.

"Huenda ni Bessi," Salvor akasema.

"Bessi angegonga mara tatu. Nilimfundisha mwenyewe akiwa hajui kuvaa suruali."

"Huenda amechoka, baba."

"Aliyechoka huita." Sauti ya baba ilikuwa imeshuka. "Huyo ni yule mchuuzi aliyezama korongoni enzi za baba yangu. Alikuja hivyo hivyo, usiku wa upepo hivi hivi. Walimfungulia, na theluji ilipoyeyuka ng'ombe wote watatu walikuwa wamekufa. Kaa chini."

Salvor akainuka. Nami, ambaye nilikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na minne na akili zangu timamu, nilimshika sketi nikamvuta chini. Sitamlaumu baba peke yake. Niliogopa, nikamwambia, "Wifi, kwa jina la Mungu, tulia." Akatulia. Baba akaanza zaburi kwa sauti kubwa, na mimi nikamfuata.

Tulikuwa tumeimaliza zaburi ya kumi mlango ulipogongwa tena. Kimoja. Safari hii chini kabisa ya mlango, mahali ambapo mkono wa mtu haufiki isipokuwa amelala. Halafu kitu kikaanza kujikwaruza ukutani, polepole, kikiizunguka nyumba. Tulikifuata kwa macho kwenye mbao za ukuta wa ndani kana kwamba tunakiona. Kikaenda mpaka nyuma, mahali theluji ilipokuwa imejirundika hadi paani, na tukasikia kinapanda.

Kikawa juu yetu. Hatua nne, kimya, hatua nne. Mavumbi ya udongo yakadondoka kwenye sufu. Kule chini Rauda akalia mara moja, mlio wa chini. Mimi nilikuwa nimeacha kuimba. Babu zetu walisema wafu hukwea juu ya nyumba wakalipanda paa kama farasi mpaka boriti yake ivunjike, na niliingoja ivunjike.

Kikasimama kwenye dirisha dogo la paani. Barafu ya kioo ikaanza kuyeyuka, duara dogo, likakua kidogo, likakua tena, maana kitu kilikuwa kinalipulizia pumzi. Kisha pumzi ikaacha, na kwenye lile duara likaja jicho. La manjano. Mboni yake ililala ubavu.

Baba alifumba macho akaendelea na zaburi. Mimi nilijifunika aproni. Salvor peke yake ndiye aliyetazama. Alichukua taa, akasogea mpaka uso wake ukawa karibu na kioo, akatazama kwa muda.

"Hilo ni jicho la kondoo," akasema.

Alishuka ngazi kabla baba hajafika mwisho wa mstari. Nilisikia komeo. Upepo ukaingia ukazima kila kilichowaka, na nilipowasha tena taa na kushuka, Salvor alikuwa amekwisha mvuta Golsi ndani, naye amelala sakafuni katikati ya ng'ombe, manyoya yamekuwa vipande vya barafu. Kwenye pembe yake ilikuwa imefungwa skafu ya Bessi.

Salvor alikuwa amepiga magoti, anaishika ile skafu kwa vidole viwili.

"Tazama fundo hili," aliniambia. "Amelifunga kwa mkono mmoja na meno." Kisha, bila kupandisha sauti, akauliza, "Tumeimba muda gani?"

Nilitazama mafuta ya taa. Nikamwambia zaidi ya saa moja.

Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu. Alivaa koti la mumewe, akamfunga Golsi kamba shingoni, mwisho wake akaufunga kiunoni mwake, nami nikajifunga nyuma. Baba alikuwa amekuja mpaka ukingo wa ngazi. Miguu yake haikuweza tena kushuka bila mtu. Nilimwona akiitazama skafu.

Ile njia siwezi kuieleza vizuri, kwa sababu sikuiona. Nilikuwa na kamba tu. Mbele ya kamba kulikuwa na Salvor, na mbele ya Salvor mnyama aliyekuwa karibu kufa kwa uchovu, anarudi tena kwenye upepo uleule. Mara mbili nilisikia mtu ananiita jina upande wa kushoto, waziwazi, sauti ya mama yangu ambaye alikufa nikiwa na miaka kumi na mmoja. Kamba ilikwenda kulia. Nilifuata kamba.

Alikuwa kwenye korongo, mgongo kauegemeza jiwe. Ukingo ulikuwa umemporomokea, mguu umebanwa, mkono wa kulia umevunjika. Theluji ilikuwa imempanda mpaka kifuani. Kope zake zilikuwa zimefumba, na uso umetulia. Salvor alivua glovu, akaingiza mkono ndani ya shati lake, chini ya kwapa, akauacha hapo. Akauacha muda mrefu. Halafu akaukamata mkono wangu, akauvua glovu yeye mwenyewe, akaupeleka mahali palepale.

Palikuwa na joto.

Mapigo ya moyo hayakuwepo, niliyasikiliza kwa vidole mpaka nikachoka, lakini mwili chini ya kwapa ulikuwa na joto la mtu aliyelala. Salvor alimpulizia mdomoni, akamsugua kifua, akampiga makofi, akamtukana kwa jina. Tulimsugua wote wawili hadi mikono yetu ikawa ya baridi kuliko yeye, na kisha yeye akawa wa baridi kuliko sisi. Tulilisikia lile joto likiondoka. Hatukuweza kumbeba. Tulimfunika koti lake, tukaliwekea mawe, na Golsi akaturudisha.

Mlango wa nyumba ulikuwa wazi, theluji imeingia mpaka kwenye kwato za ng'ombe. Baba alikuwa amekaa chini ya ngazi. Alikuwa ameteremka peke yake, kwa makalio, na paji la uso lilikuwa linatoka damu. Alihesabu walioingia.

"Mmemwona?"

"Tumemwona," Salvor akasema.

Baba alitafuna midomo yake. Mwishowe akasema, "Saa ile ya kwanza. Saa ile mlango ulipogongwa. Alikuwa hai?"

Nilijua Salvor atasema nini. Niliujua ulimi wake, na alikuwa na haki. Nilitaka hata mimi aseme, ili atupige wote wawili kwa pamoja, na iishe.

Salvor alichuchumaa mbele yake, akaanza kumfuta damu kwa ile skafu.

"Hapana, baba. Jiwe lilimpiga. Alipata nguvu ya kumfunga kondoo, basi, akafa palepale. Golsi anafika hapa, Bessi keshakuwa mgumu kitambo. Tungefungua, tusingefungua, ni yaleyale."

Baba alimtazama usoni. Hakuamini, na hakuweza kuacha kutaka kuamini. Akanigeukia mimi, binti yake, ambaye hakuwahi kumdanganya.

"Arnfrid. Na wewe ulimgusa?"

Mkono wangu ulikuwa bado ndani ya glovu, nimeukunja ngumi. Salvor hakugeuka kunitazama. Aliendelea kufuta damu, taratibu, mahali ambapo ilikuwa imekwisha futika.

"Nilimgusa, baba," nikasema. "Alikuwa baridi kama jiwe. Kitambo sana."

Baba akainamisha kichwa kwenye bega la Salvor, akalia kama baba yeyote aliyefiwa na mwanawe, na si zaidi ya hapo.