Taarifa Bila Salamu

Sioni fahari kulisimulia hili, hasa mimi niliyezoea kuwakaripia wenzangu kwa kusadiki maneno ya vijiweni. Lakini siku ile ya Tunduru niliaibika mbele ya halaiki, na aibu yenyewe nilikuwa nimeipika mwenyewe, nimeketi ofisini Songea.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa na watu binafsi wakaruhusiwa kununua korosho. Tajiri mmoja alinikabidhi vituo vyake vya ununuzi nivisimamie kwa simu ya upepo kutoka ofisi yake ya Msamala, pale Songea, nami, kwa kuwa nilikuwa nimesoma (na sikumwacha mtu asahau hilo), nikaamua jambo dogo tu: salamu marufuku hewani. Zilikuwa zinakula betri na asubuhi nzima, mara mama hajambo, mara mvua zimeanza. "Jibuni nilichouliza," niliagiza, "basi."

Ikawa kila asubuhi namwita Rajabu, mkuu wa kituo cha Tunduru.

"Korosho?"

"Zipo, Mzee."

"Mizani?"

"Ipo."

"Watu?"

"Wapo wote, Alhamdulillahi. Ila, Mzee..."

"Sikuuliza hilo. Kituo kinachofuata!"

Wiki moja, abiria mmoja aliyeshuka basi la Tunduru aliniambia stendi kwamba upepo umeezua ghala letu. Nikamjibu kwamba mimi husikiliza taarifa, si uvumi. Kisha nikapanda gari kwenda Tunduru pamoja na tajiri na mnunuzi wake wa Dar es Salaam, ambaye akiridhika angechukua korosho zote, na asiporidhika kituo kingefungwa. Na njia nzima, katika utelezi wa mvua, niliwahutubia namna ya kuongoza watu walio mbali bila kuinuka kitini.

Tulipofika, korosho zilikuwepo. Mizani ilikuwepo. Watu walikuwepo wote, wamepanda juu ya magunia, wameyakamatia maturubai waliyoazima msikitini. Paa lilikuwa uani kwa jirani, kuku wamelikalia.

"Rajabu! Mbona hukuniambia?"

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Mbona hukuniambia?"

"Ningeingilia wapi, Mzee? Habari huulizwa kwanza."

Akina mama waliokuwa wakichambua korosho (ile simu ilikuwa na sauti kubwa, mtaa mzima ulikuwa ukinisikia kila asubuhi) wakaanza kunong'onezana.

"Kumbe ndiye huyu, Bwana Sikuuliza Hilo!"

"Muulizeni kama paa lipo!"

Tajiri alicheka hadi akashika boneti ya gari. Mnunuzi alipasua korosho kadhaa, akachukua zilizonusurika, na kituo kikapona kwa maturubai yale, si kwa hotuba yangu.

Niliporudi Songea niliapa kutomkatiza tena mtu aliyetamka "ila". Asubuhi iliyofuata nikaishika simu, vituo vyote vikisikiliza.

"Tunduru, habari za huko?"

"Nzuri, Mzee."

"Na za nyumbani?"

"Nzuri tu, Mzee."

Sikuita kituo kinachofuata. Betri ikaendelea kuliwa.

"Ila, Mzee..." akaanza Rajabu, nami nikavuta kiti.