Kitambaa Kisikatwe

Kwa fundi wa nguo sokoni Manika, mama mmoja aliyefika kutoka Lubudi alimshika binti yake, aliyeleta gauni lililompwaya, kifundo cha mkono kwa vidole viwili.

"Mutoto wangu, bukari inakosa mu nyumba yako?"

"Mama, mi nakula muzuri. Ni sport. Kila asubuhi nakimbia."

"Unakimbia nani?"

Fundi alicheka, mama hakucheka. Kwao binti aliyeolewa akikonda, wajomba huitwa kikaoni, naye mume hujibu.

Binti akainama, akajitwika gunia la unga la mama yake, akaenda hadi mwisho wa vibanda na kurudi, akiongea njia nzima bila kuhema. Mama alimtazama miguu, kisha uso.

"Bon. Bajomba nitabaambia uko na nguvu. Tata, punguza hii robe. Lakini kitambaa usikate, ukunje mu ndani."

Mimi nilikuwa nimeleta suruali tatu za kupunguzwa. Tangu nimzike mke wangu, wenzangu kazini wananipongeza kwa mazoezi nisiyoyafanya. Yeye angeniongezea sahani kabla ya kuuliza lolote. Fundi aliponigeukia, nilimwambia zangu pia asizikate.