Safari Zangu za Uani kwa Wakwe

Jamani, hili nalisema nimeinamisha kichwa, na tafadhali lisifike Gongoni kwa wakwe zangu, maana aibu yake bado mbichi na hata mke wangu halijui.

Wakati namchumbia Mwanaidi, aliniambia kwamba baba yake, Mzee Shabani, seremala, hamwozi binti yake kwa mtu ambaye hajacheza naye mchezo wa herufi (vile vipande vya herufi, unapewa vichache unaunda neno mezani, vya mzee kavichonga mwenyewe kwa mninga), na mimi badala ya kusema siujui nikajitapa, "Aa, huo ndio mchezo wangu!" Kumbe nilikuwa nachezea kwenye simu, na kuna tovuti unaiandikia herufi zako yenyewe inakutafutia maneno.

Siku ikafika, tukaketi sebuleni mimi na mzee, nikatazama herufi zangu, sikuona neno hata moja. Mzee akasubiri, akakohoa. Nikasema, "Baba, naomba niende uani mara moja," nia yangu nikafungue simu chooni, ila nilisahau kwamba uani ndiko wanakopikia akina mama, na maji ya chooni lazima mtu akupe. Aliyenipa kopo ni mama mkwe mwenyewe! Nikalipokea kwa mikono miwili, macho chini, nikaingia, tovuti ikazunguka weee, ikanipa neno: "za".

Nikarudi nikaliweka. Zamu yangu ikafika tena, nikaomba ruhusa tena, kopo tena, nikarudi na "wa" (maneno ambayo mtoto wa chekechea angeyaona bila kuinuka kwenye mkeka). Safari iliyofuata nikamsikia shangazi yake Mwanaidi akinong'ona, "Mgeni wetu anaharisha huyu," na nilipotoka chooni nikamkuta mama mlangoni na kikombe cha mwarobaini.

"Kunywa, mwanangu, usione haya. Maradhi hayachagui ukweni."

Nikanywa, uchungu ukapanda hadi masikioni, na wallahi haikupita muda tumbo likaharibika kweli, nikawa sina hata nafasi ya kuishika simu. Mwisho mzee akafunika herufi zake.

"Tuache, mwanangu. Unaumwa hivyo na bado unarudi mezani? Mwenye subira kama hii ndiye ninayemtaka. Binti tumekupa."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Tangu siku hiyo nikienda ukweni wenzangu wanakula pilau, mimi naletewa uji, hata siku ya ndoa, mbele ya wageni waliotoka mpaka Sikonge, mama alipita katikati ya masinia na bakuli langu, akisema kwa sauti, "Nipisheni, mkwe wangu tumbo lake dhaifu." Nimeapa, mchezo nisioujua nitasema siujui. Lakini uji nitaendelea kuunywa, maana nikisema tumbo langu halina tatizo, mzee ataniuliza siku ile nilikuwa nafanya nini chooni.