Mpini wa Mpingo Kwenye Arusi ya Maimuna

Siku hizi nikifika Gazi, ilikofanyika arusi ile, hupita upande wa pili wa barabara, na mnaojua sababu mnacheka, haki yenu. Lakini acheni niseme mwenyewe, maana huko Kona ya Musa inasimuliwa kwamba ng'ombe alinikimbiza, na hilo si kweli (alinipita tu).

Mimi hufua visu. Nachukua springi ya lori na msumeno mkuukuu, navipasha moto, navigonga na kuvikunja mpaka viwe chuma kimoja, kisha nalitia bapa kwenye tindikali, nalo hutoa michirizi kama mchanga wa pwani maji yakipwa. Kisu cha siku ile kilikuwa kimeagizwa na mgeni wa hoteli moja Diani, mpini wa mpingo, nimeupiga msasa mpaka unajiona uso, na lau ningekiacha karakanani yasingetokea haya. Lakini alikuwa anaolewa Maimuna, binti wa dada yangu Mwanasha, ambaye ni mjane, na ng'ombe wa karamu alimlea mwenyewe tangu ndama. Nikaona acha watu wakione kisu changu kabla hakijakwenda Ulaya. Asubuhi nikaupaka mpini mafuta ya nazi ung'are.

Mchinjaji alikuwa Mzee Salimu, mwenye kisu chake cha miaka yote, mpini umezungushiwa kitambaa. Ng'ombe ameshalazwa na kufungwa, nami nikachomoa changu kwenye leso mbele ya watu na simu zao. Mzee akajaribu makali kwa ukucha, akaupima mpini kiganjani.

"Makali sina neno nayo, fundi," akasema, "lakini mpini wako haushikiki."

Ningenyamaza hapo. Badala yake nikasema, wote wasikie, kwamba labda ni mkono ndio uliozeeka. Watu wakacheka, naye asitake kuharibu shughuli akapiga bismillahi akaanza. Damu ilipochanganyika na yale mafuta mkono wake ukateleza kutoka mpinini mpaka kwenye makali (sikuweka kizuizi cha kukinga vidole, niliona kingeharibu umbo), kiganja kikapasuka, akaachia kisu, walioshika kamba wakashtuka wakaachia nao, na ng'ombe akainuka na koo lililokatwa nusu, akanipita, akaingia jikoni kwa akina mama, akaangusha sufuria ya wali na kuanguka papo hapo. Waliokimbia na kile kisu cha kitambaa walikuta ameshatulia.

Mzee Salimu alimtazama, mkono umefungwa leso. "Amekufa hajachinjwa," akasema polepole. "Huyu ni mzoga, haliwi."

Basi wageni wa bwana arusi, waliotoka Majoreni kwa matumaini ya pilau, walikula maharagwe ya kuokotezwa kwa majirani, wakayasifu, na sifa zile ziliniuma kuliko matusi. Mwanasha alikiosha kisu, akakifunga vizuri, akaniletea nyuma ya choo nilikojificha.

"Chukua, kaka. Kweli ni kizuri."

Kisha akarudi jikoni kuzoa wali.

Mzee Salimu nilimwendea kumwomba radhi, akanisamehe kabla sijamaliza shikamoo. Sasa kila mpini naushika kwanza kwa mkono wenye povu la sabuni, ukiteleza naurudia, hata mteja akitaka uzuri tu. Na karamuni naenda mikono mitupu. Dada hunipakulia fungu la nyama kubwa kuliko la wengine wote, nami hulila lote, nimeinamisha kichwa.